Mgonjwa Nisiyeruhusiwa Kumwona

Mume wangu alinieleza desturi za kwao tukiwa ndani ya basi, tumeshaipita Makambako, yaani mahali ambapo siwezi tena kushuka na kurudi kwetu. Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado anatawala, na mimi nilikuwa bibi harusi wa wiki moja nikitoka Mlandege, Iringa, kwenda kuishi kwa wakwe zangu Ilomba, nje kidogo ya mji wa Mbeya. Yeye ni Mnyakyusa, mimi Mhehe. Tulikutana kwa sababu alikuwa dereva wa lori la serikali la kutengeneza barabara, na lori lile liliharibika mbele ya duka ambamo mama yangu alikuwa akiuza mboga.

"Mama utakaa naye vizuri," aliniambia. "Ila baba inabidi umwogope."

Nikamwuliza baba yake ni mkali kiasi gani. Akacheka, akasema baba yake hajawahi kumpiga hata mbwa. Kwao, alisema, mkamwana kumwogopa baba mkwe maana yake ni kutokutana naye. Ukimwona anakuja njiani, unaingia kwenye mahindi mpaka apite. Akiwa chumbani, wewe uko jikoni. Hukalii kigoda chake, hutamki jina lake, humtazami usoni, humsemeshi wala yeye hakusemeshi. Nikauliza mpaka lini. Akasema wengine mpaka kifo. Nilikasirika mpaka Chimala, na kuanzia Chimala nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimechoka kukasirika.

Kwetu mkamwana humpigia goti baba mkwe, husema "Kamwene, baba," halafu kazi zinaendelea. Kumheshimu mtu kwa kumkimbia kulinishinda kuelewa. Tena baba mkwe wangu alikuwa mzee wa kanisa. Alikuwa ameacha pombe, ameacha matambiko, amekataa mke wa pili aliyeachiwa na marehemu kaka yake. Mchungaji mwenyewe alishatangaza kwamba habari za wakwe kukimbiana ni mambo ya zamani. Mzee alisikiliza, akaitikia amina pamoja na wenzake, akarudi nyumbani, akakohoa uani ili nipate muda wa kujificha. Mwacha mila ni mtumwa, na yule mzee hakutaka kuwa mtumwa wa mtu, hata wa mchungaji.

Nyumba yao ilikuwa ya mianzi iliyokandikwa udongo, vyumba viwili, na jiko lililoegeshwa ubavuni. Ukuta kati ya jiko na chumba cha wazee ulikuwa umebanduka udongo sehemu nyingi, mianzi imebaki mitupu, na kila sauti ya chumbani ilifika jikoni. Mume wangu alilala kambini barabara ya Chunya, akaja nyumbani mara moja moja akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Kwa hiyo niliishi na mama mkwe, na nyuma ya ukuta aliishi mzee ambaye kwangu alikuwa sauti tu.

Mama mkwe alikuwa mfupi, mwepesi wa miguu, na mwenye maneno. Kiswahili alikuwa amejifunza sokoni, na alikizungumza kisoko, bila kupoteza wakati. Aliniita "Mhehe" mbele za watu na "mwanangu" tukiwa wawili. Nilipotaka kubishana aliniachia nibishane mpaka niishiwe, halafu ananipa kazi. Nilikwenda kule nimejiandaa kupigana na mama mkwe, kama tulivyofundishwa na mashangazi, na silaha zangu zote zikaota kutu.

Ugonjwa wa mzee ulianza kwa hila. Akipanda kutoka mtoni alisimama katikati ya kilima na kuyatazama mahindi ya jirani kwa muda mrefu. Mama mkwe alimwangalia kutoka uani, akaniambia, "Mahindi ya watu yana nini siku hizi? Kila siku anasimama hapo hapo." Baadaye makubazi hayakumwingia tena. Halafu akawa hawezi kulala chali, akilala anashtuka anatafuta hewa. Mume wangu alikuja na lori la kazini bila ruhusa, akaomba radhi baadaye, akampeleka baba yake hospitali mjini. Mama mkwe alikwenda naye, akalala sakafuni kando ya kitanda chake kwa wiki kadhaa, mimi nikabaki kulinda kuku na mahindi.

Siku ya kuruhusiwa, daktari Mzungu alisimama kando ya kitanda akazungumza, na dresa, yule mganga msaidizi, akatafsiri. Moyo wa mzee umechoka. Hausukumi damu kama zamani, na maji yanabaki mwilini. Asilale chali. Asile chumvi. Asinywe maji mengi. Anywe kidonge kimoja kila asubuhi, na arudi kuchomwa sindano ya kuyatoa maji. Basi. Daktari akahamia kitanda cha pili.

Siku hizi nasikia wataalamu wakiulizana kama ndugu wa wagonjwa wa moyo wanaandaliwa vya kutosha kabla ya kupewa mgonjwa wao waende naye nyumbani. Ni swali zuri, nami nafurahi limefika kwa watu wenye viti. Mama mkwe wangu aliandaliwa kwa muda ule ule aliokuwa akifunga mzigo. Hakujua kusoma. Aliyafunga maneno ya dresa kichwani kama alivyozifunga nguo kwenye kanga, na alipofika nyumbani aliingia jikoni kabla hajaketi, akanisomea yote, kisha akaniambia nimsomee. Nilipokosea, alinirudisha mwanzo.

Halafu akaanza kazi. Hapa ndipo nilipomjua vizuri.

Daktari alisema asilale chali, lakini hakusema mtu analalaje akiwa ameketi kwenye kitanda cha kamba. Mama mkwe alichukua kiti cha mbao alichokuwa akikalia mchungaji akitutembelea, akakipindua juu ya kitanda ili mgongo wa kiti uwe mteremko, akaweka juu yake gunia alilojaza maganda makavu ya mahindi. Mzee akaegemea. Usiku ule, aliniambia kesho yake, alisinzia bila kushtuka. Mchungaji alipokuja tena alikalia kinu, na mama mkwe hakumwomba samahani.

Daktari alisema maji yasiwe mengi. Mengi ni kiasi gani? Alitafuta kibuyu, akakijaza kadiri alivyoona inafaa, akakitia alama ya mkaa. Hicho ndicho kilichokuwa chakula cha kiu cha mzee kwa siku nzima, uji na chai vikiwemo. Wageni walikuja na uji wao, maana kwetu sote mgonjwa hupewa uji mwingi apate nguvu. Mama mkwe alipokea kila sufuria kwa mikono miwili, akasema "ndaga", akashukuru mpaka mgeni akaridhika, kisha tukaunywa sisi jikoni. Nilinenepa mwaka ule kwa uji wa watu.

Na kila asubuhi, kabla ya kidonge, alibonyeza kidole gumba kwenye muundi wa mzee, akangoja, akatazama shimo linalobaki. Kisha alikuja jikoni kunipa habari. "Leo kidole kinazama." Au, "Leo kidole hakizami sana." Hatukuwa na kipimo kingine. Sijui nani alimfundisha, na nilipomwuliza alishangaa swali lenyewe. Alisema mtu aliyeoshwa na wewe miaka yote, mguu wake ukibadilika utakosaje kujua?

Kilichomshinda kidogo ni chakula bila chumvi. Mzee alikula vijiko vichache, akasukuma bakuli. Mama mkwe akaweka ndimu, akaweka vitunguu, akaweka nyanya, na mwishowe yeye mwenyewe akaacha chumvi, akala kile kile pamoja naye bakuli moja, huku akisifia. Nilimsikia kupitia ukutani akisifia maharage ambayo hata kuku wasingeyagombea. Mzee akala. Mimi sikuacha chumvi. Kila mtu na kipawa chake.

Nilitaka kumsaidia zaidi ya kupika na kufua, lakini kila kilichomhusu mzee kwa karibu kilikuwa kimefungwa kwangu. Kumwinua, kumwosha, kumgeuza, kumkalisha, vyote vilikuwa vya mama mkwe peke yake. Binti zao walikuwa wameolewa mbali, Kyela na kwingine, na mume wangu yuko Chunya. Nilimwona akipungua. Kanga yake ilianza kumzunguka mara mbili. Akikaa chini kupepeta mahindi alisinzia na ungo mkononi, kisha akaamka kabla pumba hazijamwagika na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilianza kuogopa kwamba mgonjwa atabaki na muuguzi wake atatangulia. Hilo ndilo lililonikosesha raha mwaka ule, kuliko hata moyo wa mzee.

Halafu, pamoja na jitihada zote hizo, miguu ikavimba tena.

Walipokwenda kwenye sindano, dresa alibonyeza muundi, akamwambia mama mkwe kwa sauti ya watu wote kusikia kwamba anampa mzee chumvi. Akasema hampi. Dresa akasema wake wote husema hivyo, huruma inawashinda. Mama mkwe alirudi nyumbani, akamkalisha mzee kwenye kiti chake, akaja jikoni, akalia. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia. Nikamwambia nitakwenda mimi hospitali nikamweleze dresa yule. Akasema, "Utamweleza nini? Miguu si imevimba? Dresa anaona miguu, haoni jiko." Akajifuta, akauliza kama moto una kuni.

Asubuhi moja baada ya hapo nilikuwa nikipika majani ya maboga. Kama kila mwanamke wa nyanda zile za juu nilimega kipande cha magadi, nikakiyeyusha kwenye maji ili mboga ilainike na iteleze vizuri. Tangu chumvi iondoke tulikuwa tumeongeza magadi, maana bila hata hayo mboga ingekuwa nyasi. Mama mkwe alipita nyuma yangu, akachovya kidole kwenye maji yale, akalamba. Akasimama. Akachovya tena.

"Mhehe," alisema, "magadi ni nini?"

Nikamjibu magadi ni magadi.

"Yanauma ulimi. Chumvi pia inauma ulimi."

"Lakini si chumvi, mama. Chumvi inatoka dukani."

Alichukua pande la magadi, akalifunga kwenye jani la mgomba, akafunga kanga, akaenda zake hospitali kwa miguu. Kuuliza si ujinga, lakini kuuliza mahali ulipoaibishwa juzi juzi kunataka moyo mkubwa kuliko wangu. Alimkuta yule yule dresa, akamfungulia lile jani, akamwuliza kama mzee anaruhusiwa kula hiki. Dresa aliligeuzageuza pande lile. Akasema hata kwao, Njombe, mama yake anapikia magadi, na haijampitia akilini. Akalipeleka kwa daktari. Daktari akalilamba, akakunja uso, akauliza maswali mengi, kisha dresa akatoka kumwambia mama mkwe kwamba magadi ni ndugu yake chumvi, tumbo moja, na yaachwe kabisa. Na akamwomba radhi. Mama mkwe alinisimulia yote hayo isipokuwa radhi, ambayo nilikuja kuisikia kwa mtu mwingine.

Tukaacha magadi. Kidole kikaanza kuzama kidogo, kisha kidogo zaidi. Nilimtazama yule mama akitoka chumbani asubuhi na habari zake za kidole, nikajua ninaishi na mtu mwenye akili nyingi. Nilimwambia hivyo hivyo. Akaniambia nikateke maji.

Masika yalipokolea, ukaja ujumbe kutoka Rungwe: kaka mkubwa wa mama mkwe amefariki. Kwa Wanyakyusa msiba hauagizwi salamu. Usipokwenda kumzika ndugu yako, na usipolala pale matangani, kesho na wewe utazikwa na nani? Mama mkwe aliketi jikoni, mikono kwenye magoti, na kwa mara ya kwanza nilimwona hajui la kufanya. Mzee ndiye aliyeamua. Nilimsikia kupitia mianzi akisema kwa vipande, pumzi ikikatiza maneno, kwamba aende, kaka ni mmoja.

Mama mkwe alipanga kila kitu. Jirani yetu wa bondeni, mzee wa kanisa mwenzake mume wake, angekuja asubuhi na jioni kumwinua mzee, kumwosha na kumpa kidonge. Mimi ningepika na kuweka chakula mlangoni. Kisha akanikalisha kuniandaa.

"Hutaingia," alisema. "Lakini utasikia. Kikohozi kikavu, kiache. Kikohozi kinachochemka kama uji, hicho kibaya. Kitanda kikilia mara moja, anajigeuza. Kikilia, halafu gunia linateleza, ameshuka chini."

Nikamwambia hayo yote nayajua. Mwaka mzima nilikuwa upande huu wa ukuta, ningekosaje kujua? Hakuniamini. Akangoja mpaka mzee akamwita kutoka chumbani. Kabla ya kwenda akaniuliza, "Sasa yuko vipi?" Nikamwambia ameteleza upande wa kushoto, na shingo imekunjwa, maana sauti inatoka puani. Alikwenda kutazama. Aliporudi hakusema kama nimepatia, ila aliacha kunifundisha.

"Na akizidiwa, jirani hayupo?" nilimwuliza.

Alizipanga kuni upya, ingawa zilikuwa zimepangika. "Nitarudi upesi," alisema.

Sikumlaumu. Alikuwa amejibu maswali yote ya ugonjwa ule kwa akili yake mwenyewe, na hili moja halikuwa la akili. Ama desturi ama mzee, na alikuwa anavipenda vyote viwili.

Siku ya kwanza ilipita salama. Siku ya pili mchana ikaja mvua ya Mbeya, ile inayoshuka na ukungu pamoja, mlima Loleza huuoni, hata mti wa uani huuoni. Nilikuwa nachambua maharage. Kitanda kikalia. Gunia likateleza. Kisha nikasikia kiti kikianguka sakafuni, na baada yake kikohozi kile kinachochemka, na katikati ya kikohozi mzee akijaribu kuita jina la mke wake na kuishia nusu.

Nilikimbia mpaka ukingoni mwa bonde nikaita. Mvua ilimeza sauti yangu. Nilishuka mpaka kwa jirani, mlango umefungwa, wote walikuwa ng'ambo ya mto uliojaa. Nikarudi nikiteleza, nimelowa, na kitu kilichonijaa kifuani wakati ule, sitaficha, kilikuwa hasira. Nilimkasirikia mume wangu na Chunya yake. Nilimkasirikia marehemu kwa kufa masika. Niliikasirikia desturi, na nikamkasirikia mzee aliyeishika sana. Nikasimama mlangoni pa chumba kile, sijawahi kukanyaga ndani yake. Ndani pumzi zilikuwa fupi na karibu karibu. Kama ningengoja mpaka jioni, mama mkwe angerudi kutoka kumzika kaka yake na kukuta kaburi la pili. Lisilo budi hutendwa.

Lakini kuingia tu na kumtazama mtu ambaye ametumia mwaka mzima kulinda uso wake na wangu, hilo nalo sikuliweza. Angekufa kwa aibu kabla maji hayajamwua. Basi nikakohoa mlangoni, kama yeye alivyozoea kunikoholea. Nikavuta kanga mpaka kwenye nyusi, nikageuka, nikaingia kinyumenyume.

"Baba," nilisema, "naingia kwa mgongo."

Hakuwa na pumzi ya kunijibu. Nilipapasa mpaka nikakishika kitanda. Alikuwa amelala chali kabisa, jambo lile lile lililokatazwa. Nilishika blanketi lililokuwa chini yake, nikalivuta kwa nguvu zangu zote huku nimeelekea ukutani, mpaka akazunguka na miguu yake ikashuka pembeni ya kitanda. Kisha nikapanda nyuma yake, nikapitisha mikono kwapani kwake nimefumba macho, nikamwinua, na kabla hajaanguka tena nikageuka nikaketi, mgongo wangu ukauegemea mgongo wake, miguu yangu ikakanyaga mianzi ya ukuta. Yeye anatazama mlango, mimi natazama ukuta. Hivyo nikawa kiti.

Alikuwa mzito kuliko nilivyofikiri, na mifupa mitupu kuliko nilivyofikiri. Niliyahisi mapafu yake yakikoroma kwenye uti wangu wa mgongo. Nikamwambia asilale, ashushe miguu, atoe pumzi polepole. Kisha sikujua niseme nini tena, na nikaogopa nikinyamaza atanyamaza. Nikaanza kumsimulia habari za Mlandege. Nilimsimulia soko, na duka la mama, na mbuzi wa jirani aliyekula kitambaa cha meza cha kanisa, na baridi ya kwetu ilivyo afadhali kuliko ya kwao. Nilimwambia mwanawe alinidanganya, hakuniambia habari za kuogopana mpaka tulipopita Makambako. Hapo mgongo wake ulitikisika. Nilidhani ndiyo mwisho. Kumbe alikuwa anacheka.

Sijui tulikaa muda gani. Mvua ilipungua, na pumzi zake zikaanza kurefuka moja moja. Jirani alipofika jioni alisimama mlangoni akitiririka maji, akatuona, akavua kofia. Kisha akasema, "Kaa hivyo hivyo, mama, nikiweke kiti," akakiinua kiti na gunia, akampokea mzee, na mimi nikatoka nimeelekea ukutani. Kesho yake wanaume wa kanisani walimbeba kwa machela mpaka hospitali, akachomwa sindano, akakojoa mpaka dresa akafurahi. Walitaka abaki. Alikataa, akasema mke wake atamtafuta nyumbani.

Siku mbili zilizofuata, kila alipoteleza na jirani hayupo, nilikohoa mlangoni nikaingia kwa mgongo. Hakunikataza. Hakusema neno, na mimi nilisimulia Iringa yote mpaka ikaisha.

Mama mkwe alirudi na tope mpaka magotini, macho mekundu ya msiba. Nilimwambia nikiwa nimesimama, yote, sikuacha hata mbuzi. Nilikuwa tayari kwa lolote. Wengine wangenirudisha Iringa kwa basi la kwanza. Yeye aliuliza, "Miguu uliishusha?"

"Niliishusha."

"Maji?"

"Hayakupita alama."

"Kidole?"

"Nilibonyeza nimefumba macho. Kinazama kidogo."

Akaingia kwa mume wake. Nilisikia wakizungumza chini chini Kinyakyusa, zaidi yeye mzee kuliko mama, na Kinyakyusa changu kidogo hakikuyafikia maneno. Alipotoka aliketi kwenye mkeka kando ya moto. "Nimechoka," alisema. Mwaka mzima nilingoja aseme neno lile. Alijilaza pale pale, kanga ya safari bado mwilini, akalala kabla sijamfunika.

Jioni ikafika, saa ya kumwinua mzee na kumpa maji yake. Jirani hakuwa amekuja, alijua mwenyewe amerudi. Nilimtazama mama mkwe. Mdomo wake ulikuwa wazi, mkono mmoja umekunjwa chini ya shavu, uso umelegea. Niliona huruma, lakini kazi ni kazi, na mwenyewe yupo. Nikainama kumgusa bega.

"Mwanangu," sauti ikasema kutoka nyuma ya mianzi.

Nilidhani anamwita mtu mwingine. Hapakuwa na mtu mwingine.

"Mwache mama yako alale," mzee alisema, kwa Kiswahili, taratibu, kila neno na pumzi yake. "Njoo wewe. Njoo kama watu wanavyokuja."

Nikachukua kibuyu, nikaingia. Mama mkwe alilala mpaka kesho yake asubuhi jua limeshachomoza, na sisi wawili jioni ile tulizungumza kwa sauti ya chini sana, ili asiamke.